Njiwa wa Dada Mwanahawa

Enzi zetu, ukiwa Tanga na ukitaka kujua ndugu yako wa Pangani ameamkaje, ulingoja basi. Basi likifika unamuuliza utingo. Utingo akisema hajambo, unarudi jikoni kupika. Wajukuu zangu nikiwaeleza hivyo hunitazama kwa huruma, utadhani nimewaambia tulikuwa tukilala juu ya miti. Lakini nyumbani kwetu Ngamiani tulikuwa na njia nyingine ya kupata habari, nayo ilikaa juu ya paa la jiko, ikila mtama wetu na kuchafua kanga zilizoanikwa. Tulifuga njiwa.

Nazungumzia wakati wa Mwingereza, mkonge ukiwa ndio roho ya mji. Treni zilishusha marobota ya katani bandarini, na upepo ukivuma kutoka upande ule mji mzima ulinuka kamba mpya. Baba yangu hakuwa mtu wa mkonge. Alikuwa fundi wa mabati. Madebe ya mafuta ya taa yakishatumika yaliishia kwake, na kwake yalitoka koroboi, faneli na kata za maji. Alifanyia kazi barazani, na nyundo yake haikunyamaza mpaka wakati wa chakula cha mchana. Mpaka leo nikisikia mtu akigonga bati kisha akaacha, nahisi njaa.

Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili: mimi, Mishi, na dada yangu Mwanahawa, aliyenizidi umri kiasi cha kunibeba mgongoni. Mimi nilikuwa bado wa kuzurura. Asubuhi skuli, alasiri chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani, na katikati ya hapo rede na mdako mpaka vumbi liingie masikioni. Dada yeye alikuwa mwari. Siku hizo binti akishavunja ungo aliwekwa ndani, hata dukani haendi, mpaka apate mume. Dunia yake ilikuwa ua wa nyumba: jiko, mtungi wa maji, mkomamanga mmoja uliokataa kuzaa, na kipande cha mbingu juu. Hakulalamika, maana wenzake wote walikuwa hivyo hivyo. Lakini kile kipande cha mbingu alikitazama sana, na kila alasiri walipita njiwa wa jirani, wakazunguka, wakarudi kwao. Ndipo akamwambia Mama anataka njiwa.

Jirani mwenye njiwa alikuwa Bwana Nasoro, mwenye duka la nafaka. Asili yake Oman, lakini alizaliwa hapo hapo Ngamiani, akisema Kiswahili chetu na kukasirika kwa Kiarabu. Baba akamtengenezea vibaba vya bati vya kupimia mchele, naye akatupa jozi ya njiwa wazima, wanene, shingo zinang'aa. Tuliwafungia siku kadhaa, tukawalisha chenga za mchele na choroko, tukawasemesha kama wageni wa heshima. Siku tuliyowafungulia, waliruka wakazunguka mara moja juu ya mkomamanga, wakavuka ukuta, wakatua kwa Bwana Nasoro. Tukaenda kuwachukua. Tukawafungia tena, tukawafungulia, wakarudi tena. Safari ya tatu Baba akakunja msuli wake kiunoni akaenda mwenyewe, na uso wa mtu aliyeibiwa.

Bwana Nasoro alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Mwenda kwao si mtoro," akasema. "Mimi sikukuibia, fundi. Ulitaka njiwa, nimekupa. Hukuniuliza njiwa gani."

Akatufundisha. Njiwa mzima humpati, alisema. Unapata mwili wake tu. Ukilazimika kumzoesha njiwa mzima, mpunguze bawa moja asiweze kuruka mbali, mpe mwenzi, angoje mayai. Akishalea hapo huenda akapasahau kwao. Huenda. Lakini mwenye akili huchukua kinda kabla hajajua kuruka. "Mbingu atakayoiona kwanza," alituambia, "ndiyo kwao." Kisha akapanda ngazi akatushushia makinda wawili wabaya wa sura, midomo mikubwa, manyoya ya manjano yamesimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Akakataa kupokea kitu kingine.

Baba akawajengea nyumba juu ya paa la jiko kwa sanduku la majani ya chai na mabati ya madebe, na mlango wa kuteremka ambao tuliuvuta kwa kamba kutoka chini. Miguu ya ile nyumba aliizungushia bati laini ili paka na kicheche wateleze. Dada ndiye aliyewapa majina. Dume akamwita Moshi kwa rangi yake, na jike, aliyekuwa mweupe, akamwita Pamba. Mimi nilitaka majina makubwa ya kifalme, lakini sikusikilizwa.

Yeyote aliyewahi kufuga njiwa anajua kwamba ni wanyama wa ratiba. Huamka kwa wakati wao, hula kwa wakati wao. Hunywa maji kwa kufyonza kama punda, si kama kuku anayeinua kichwa kumshukuru Mungu kila tone. Dume humzunguka mkewe akiinama na kunguruma, na mke akijifanya hakuona. Mama alisema njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi, na hilo lilikuwa fimbo yake kwetu. Nikivutana na Dada juu ya ukoko wa wali, tulisikia kutoka jikoni: "Haya, gombaneni, njiwa wahame!" Tuliacha mara moja. Siku hizi sijui mama anamtishia nini mtoto. Labda kumzimia intaneti.

Walipokomaa tukaanza kuwapima. Mjomba Hamza, kaka yake Mama, alikuwa utingo wa basi la Pangani, mtu wa maneno mengi na kofia iliyokaa upande. Aliwachukua ndani ya tenga dogo. Kwanza akawaachia Tongoni, kwenye magofu. Wakafika nyumbani kabla sijamaliza kuosha vyombo. Akawaachia Kigombe, mbele ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa, nao wakamwona mwendawazimu kwa kurusha kitoweo. Mwisho akawaachia Pangani penyewe, pale basi linapogeuzia. Dada alikaa uani uso juu tangu adhuhuri, bada yake ya unga wa muhogo ikapoa sahanini. Moshi akatua wa kwanza, Pamba nyuma yake. Dada akapiga kigelegele kidogo, kile cha ndani ya kanga, kwa sababu mwari hapigi kelele. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba wale njiwa walikuwa wakitembea kwa niaba yake.

Basi mchumba akapatikana. Na kwa jinsi Mungu anavyopanga, akatoka huko huko Pangani, ng'ambo ya mto, Bweni. Alikuwa Athumani, kijana wa watu wenye minazi, mpole, mwenye aibu kuliko bibi harusi. Harusi ilikuwa nzuri na sitaieleza, maana harusi zote ni nzuri zikishapita. Ninachotaka kueleza ni kilichotokea siku mbili tatu kabla yake, Mama na Dada wakiwa wanachambua mchele, nami nikiwa nimelala chali karibu yao nikisikiliza yasiyonihusu.

Lazima kwanza mumjue Baba. Babu yetu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuja kumtazama binti yake kila Ijumaa na kuondoka Jumapili, na kwa muda wote huo alimweleza Baba namna ya kuendesha nyumba. Baba aliapa kuwa yeye hatakuwa mkwe wa aina hiyo. Alishatutangazia: "Binti akishaolewa, mlango wake haubishwi bila mwaliko. Wakituita tutakwenda. Wasipotuita tumshukuru Mungu." Na Baba akishasema, amepiga msumari.

Mama alikuwa na hofu. Binti hajawahi kuvuka hata barabara, sasa anavuka mto. Atatuma salamu kwa nani? Salamu ya mdomo ingepita kwa mtu wa pantoni, kwa muuza nazi, kwa Mjomba Hamza, na kila mmoja angeionja kwanza. Bibi harusi anayetuma kusema ana shida ameshamtukana mumewe mbele ya Pangani nzima. Ndipo Dada akasema atachukua njiwa wake. Wakapatana hivi: akifika salama, atamwachia Pamba arudi. Moshi atakaa naye. Siku Moshi atakapoonekana juu ya paa la jiko, Mama ajue anaitwa, afunge safari asiulize. Baba asiambiwe. Mama akanigeukia na kunishika sikio, hakulivuta, alilishika tu. Nilielewa.

Dada akaondoka na tenga lake mapajani, ndani ya basi la mbao, buibui jipya likinuka udi. Siku ya pili yake asubuhi Pamba akatua, akaingia kwake, akanywa maji. Mama akasema alhamdulillahi, akanitia nazi mkononi nikakune. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kutazama paa.

Moshi hakuja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Mjomba Hamza alileta salamu kila alipopata: hajambo, anasalimia, amenenepa, amezoea. Baadaye akaleta na ile tuliyoingoja, kwamba Dada ni mjamzito. Mama akafurahi, akaanza kushona vitambaa na kukusanya liwa na ubani. Nyote mnajua ada yetu: mimba ya kwanza mtu huzalia kwao. Ikitimia miezi saba huletwa kwa mama yake, akajifungua huko, akatimiza arobaini, ndipo akarudi kwa mumewe na mtoto mkononi. Kwa hiyo tulingoja aletwe. Mwezi wa saba ukaingia, ukatoka, na hakuna aliyemleta.

Kila jioni Mama aliniuliza bila kuniangalia, "Je, juu huko?" Nikajibu, "Pamba tu." Naye akajituliza kwa sauti: "Basi ni kheri. Angekuwa na shida Moshi angekuja." Lakini usiku nilimsikia akijigeuza kitandani. Mara moja alijaribu kumwambia Baba waende. Baba akajibu akiwa anakunja bati, "Hawajatuita." Mama akasema salamu za kwenye basi zote huwa nzuri, hazina maana. Baba akagonga bati lake.

Masika yakaingia kwa nguvu mwaka ule. Barabara ya Pangani ikawa uji. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika kidogo, nimerudi skuli mapema kwa kuwa darasa letu limeingia maji, Mama ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamsikia Pamba juu, ananguruma na kupigapiga mabawa kwa namna ambayo hakuifanya tangu abaki peke yake. Nikatoka uani. Moshi alikuwa amekaa ukingoni mwa bati, amelowa, kifua kinapanda na kushuka. Bawa lake la kulia lilikuwa la ajabu: manyoya mapya marefu hapa, pengo pale, na mawili matatu yamekatwa sawasawa kwa kisu. Nikarudi jikoni nikasema tu, "Mama, Moshi."

Mama aliacha nazi nusu. Akanawa mikono, akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda barazani kwa Baba. Hakuwa na desturi ya kumwendea kazini.

"Moshi kaja," akasema. Akamweleza mapatano yote hapo hapo, kwa maneno machache.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi. "Mimi siitwi na ndege," akasema.

"Basi naitwa mimi," Mama akajibu, na tukaondoka.

Sikuwahi kuona jambo hilo maishani mwangu, mama yangu akimpa baba yangu mgongo. Tulifika stendi, Mjomba Hamza akatupakia, basi likaanza kunguruma. Ndipo nikamwona Baba anakuja mbio, vumbi la bati bado kwenye nyusi, mwavuli chini ya kwapa. Akapanda, akakaa nyuma yetu, akakohoa. "Mvua hii," akasema, "nani atakayewashikia mwavuli?" Mama akasogea kumpa nafasi. Baba akahamia kando yake.

Tulipopita Kigombe, Pangani ikiwa si mbali tena, basi likazama. Abiria waume wakashuka kusukuma, wakashindwa, tukatembea. Nikabebwa kwa zamu na Baba na Mjomba. Tulifika Pangani matope magotini, tukavuka kwa pantoni mto ukiwa mwekundu na mpana, na alasiri tukabisha hodi kwa Bi Riziki, mama yake shemeji yetu.

Dada alikuwa ameketi ukumbini, miguu juu ya kibao. Ilikuwa imevimba kama maboga, na uso wake pia. Alituona, akajaribu kusimama, akashindwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kawaita?"

"Moshi kaja," Mama akasema.

Dada akageuka kutazama kitundu kilichokuwa kimening'inia nje ya mlango, kitupu. Kumbe tangu asubuhi alidhani Moshi kaliwa na kicheche. "Mimi sikumtuma," akasema. "Kenda mwenyewe." Akaanza kulia, tena kwa sauti, kilio ambacho hakuna mwari anayefundishwa, na Mama akamkumbatia na tope lake lote.

Hapo ndipo tukajua yaliyotokea. Siku ile ya kwanza Dada alipomwachia Pamba, mumewe aliuliza njiwa mweupe yuko wapi. Dada kwa haya akasema amepotea. Kisha, kama bibi harusi wote, akawa analia kwa kificho siku za mwanzo, akikumbuka kwao. Shemeji Athumani akamwona, akapiga hesabu zake za upendo, akaona mkewe analilia njiwa wake aliyepotea. Ili asimpoteze na huyu wa pili, akachukua kisu akampunguza Moshi bawa, kama mfugaji yeyote wa pwani anavyomfanya njiwa mgeni ili azoee. Akamletea Dada, anatabasamu. "Huyu hatakwenda popote," akamwambia.

"Ningemwambia nini?" Dada alituuliza. "Nimwambie umenikatia njia ya kwetu? Nilikuwa bibi harusi." Tangu hapo akawa hana wa kumtuma. Miguu ikaanza kuvimba, kichwa kikamuuma, akaogopa. Kila Mjomba Hamza alipopitisha salamu akajibu hajambo. Aliacha kumtegemea Moshi. Lakini manyoya yaliyokatwa yalipukutika kwa wakati wake, mapya yakaota, na asubuhi ile ndege akajaribu bawa lake, akaona linatosha.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, anasikia haya kwa mara ya kwanza. Alikaa chini kwenye kizingiti akafunika uso. Maskini, hakuwa na kosa.

Baba akasafisha koo, akamgeukia Bi Riziki. Nilijua anatafuta maneno ya kuomba radhi kwa kuja bila kuitwa. Bi Riziki hakumngoja.

"Mimba ya kwanza ni ya kwao mtu," akasema. "Nani asiyejua? Mimi nangoja mje mmuombe, kama ada. Mwezi wa saba umepita kimya. Nikasema, basi, hawa watu wa mjini hawamtaki mtoto wao, nitamzalisha mwenyewe."

"Na mimi," Baba akasema taratibu, "nilikuwa nangoja niitwe."

Bi Riziki alimtazama kuanzia miguu yenye matope mpaka kwenye mwavuli uliopinduka. "Tumengojana watu wazima," akasema, "mtoto kavimba miguu." Akaenda kuchemsha maji ya kumkanda.

Kesho yake tulimvusha Dada mto. Shemeji Athumani alimshika mkono kuanzia nyumbani hadi ndani ya basi, kisha akapanda naye, hakutaka kubaki. Tanga alilazwa hospitali, madaktari wakamwangalia, wakamkataza chumvi na kusimama. Sitasema haikuwa hofu. Baba hakugonga bati hata moja siku zile, na mtaa mzima ukauliza kuna nini. Lakini alijifungua salama, mtoto wa kike, Saida. Alipotimiza arobaini, Bwana Nasoro alikuja na pishi ya mtama ya zawadi, akatazama juu kwa Moshi na Pamba, ambao walikuwa wanalea. "Safari hii," akamwambia Dada, "usichukue hao. Chukua makinda."

Akachukua makinda. Wakaona mbingu ya Bweni kwanza, na hawakuondoka Bweni. Vivyo hivyo Dada. Alizaa wengine, akawa bibi mwenye sauti, akawa ndiye anayefundisha maharusi wa Bweni. Na Baba aliyeapa hatakuwa mkwe wa kubisha hodi, akawa anakwenda kila mavuno ya nazi, na kukaa. Mama alimcheka kwa hilo maisha yake yote.

Sasa ni zamani. Mimi bado nakaa nyumba ile ile. Jiko la uani lilibomolewa, ukuta ukapigwa saruji, na pale ilipokuwa nyumba ya njiwa pana tangi jeusi la maji juu ya nguzo. Wajukuu zangu wametawanyika, na kila mmoja ana simu inayomwonyesha hadi meno ya mgonjwa. Wananitumia sauti: "Bibi, niko poa!" Mwaka mzima niko poa. Mmoja alifukuzwa kazi akawa poa, mwingine ndoa ikavunjika akiwa poa. Nazisikiliza, nacheka, nazikumbuka salamu za basi la Pangani.

Dada alipozeeka sana akili zikaanza kumpotea. Saida, ambaye sasa naye ni bibi, alinipigia simu analia: "Mama mdogo, kila jioni anafunga kitita chake cha kanga anasema anakwenda kwao. Tumeanza kumfungia mlango. Anataka kututoroka."

"Mwenda kwao si mtoro," nikamwambia. "Mleteni. Na huo mlango ufungueni leo hii."

Walimleta kwa gari, kitita mapajani. Nilimketisha uani, nikampa chai ya tangawizi. Hakunijua jina, lakini aliuangalia ule ukuta wa saruji kwa utulivu, kisha akainua uso akalitazama tangi.

"Wameingia?" akaniuliza.

"Wameingia, dada. Wote."

"Na Moshi?"

"Na Moshi."

Akashusha pumzi akanywa chai yake. Nililia jikoni, sikumwonyesha. Alikaa nami siku chache, analala vizuri, anakula. Kisha jioni moja nikamkuta amefunga kitita tena, amesimama mlangoni. Nikamuuliza, "Wapi, dada?" Akanishangaa, kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Kwetu," akasema. "Bweni. Watoto wananingoja."

Nikampeleka mwenyewe. Tulivuka kwa kivuko, na tulipofika kwake hakungoja kushikwa mkono. Alitangulia, akaingia ndani bila kubisha hodi. Huko ndiko alikofia, na huko ndiko alikozikwa, kwenye minazi ya mumewe.

Jioni simu yangu hulia, nayo husema niko poa, bibi. Nami hujibu alhamdulillahi, mwanangu. Kisha natoka uani, bila kukusudia, nikatazama juu.